Pampu ya moyo si lazima iwe ya maisha: nani moyo wake unaweza kurudi?

Mwambao (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni nesi, nipo Marekani, na kliniki ninayofanyia kazi inahudumia wagonjwa waliowekewa pampu ya kusaidia moyo, ile ambayo madaktari huiita LVAD. Nimeamua kuleta uzi huu kwa sababu kila nikikutana na familia ya Waswahili wenzetu yenye mgonjwa wa pampu, nakuta wameelezwa njia mbili tu. Ya kwanza, pampu imsogeze mgonjwa mpaka apate moyo wa kupandikizwa. Ya pili, aishi nayo mpaka mwisho wake. Kuna njia ya tatu ambayo mara nyingi haitajwi kabisa: moyo wake mwenyewe unaweza kupata nafuu kiasi kwamba pampu inatolewa na mtu anaenda nyumbani na moyo aliozaliwa nao.

Kwa wasioifahamu, pampu inashonwa kwenye ncha ya moyo. Inavuta damu kutoka ventrikali ya kushoto na kuipeleka kwenye mshipa mkuu, aota. Waya mmoja unatokea tumboni na kuunganishwa na kidhibiti kinachovaliwa kiunoni pamoja na betri mbili. Pampu za siku hizi zinazunguka mfululizo, hazidundi, kwa hiyo wagonjwa wengi ukiwashika kifundo cha mkono mapigo huyapati. Ukiweka stethoskopu kifuani unasikia mvumo tu. Mgonjwa anameza wafarini kila siku ili damu isigande ndani ya mashine, na kidonda cha waya kinasafishwa na kufungwa upya maisha yake yote. Inaokoa maisha, hilo halina ubishi. Lakini ni mzigo, na mtu anayeweza kuutua ana haki ya kujua.

Habari ya moyo kupona si mpya. Mwaka 1966 kule Houston, Michael DeBakey alimwekea pampu mwanamke wa miaka 37 ambaye moyo wake uligoma baada ya upasuaji wa valvu. Pampu ilifanya kazi siku 10, moyo ukashika kasi, ikatolewa, mama akaishi miaka mingine kadhaa. Maana yake mmoja wa wagonjwa wa mwanzo kabisa kunusurika kwa teknolojia hii hakuhitaji moyo wa mtu mwingine. Miaka ya 1990 timu ya Roland Hetzer pale Berlin ikaanza kutoa pampu kwa wagonjwa wa moyo uliotanuka ambao walikuwa nazo kwa muda mrefu. Mwaka 2006 Emma Birks, Magdi Yacoub na wenzao wa hospitali ya Harefield, Uingereza, walichapisha habari za wagonjwa 15 waliopewa pampu pamoja na dawa kwa dozi kubwa zilizopangwa kwa makusudi: lisinoprili, kavedilolo, spironolaktoni na losatani, kisha klenbuteroli. Kati ya hao 15, 11 walitolewa pampu.

Sasa linganisheni na hali ya kawaida. Daftari kubwa la kitaifa la wagonjwa wa pampu hapa Marekani linaonyesha wanaotolewa pampu kwa sababu ya kupona ni kama 1 hadi 3 tu katika kila 100. Kutoka 11 katika 15 hadi 1 katika 100 ni pengo kubwa mno. Hoja yangu ni kwamba sehemu kubwa ya pengo hilo haitokani na mioyo. Inatokana na kwamba hakuna anayeangalia. Ukishamwekea mtu pampu kwa nia ya kumsubirisha moyo mwingine, hupandishi dawa kwa bidii, hupunguzi kasi ya mashine kupima, na moyo uliopona unaweza kukaa kimya nyuma ya pampu bila mtu kugundua.

Karibuni tujadili.

---

Mama Kulwa

Dada Mwambao, Mungu akubariki, uzi huu umenigusa mwenyewe. Mdogo wangu yupo Ohio, ana miaka 31. Moyo ulitanuka wiki chache baada ya kujifungua mtoto wa pili. EF ilishuka mpaka 15, akawekewa pampu mwaka jana. Juzi kwenye eko, kile kipimo cha kutazama moyo kwa mawimbi ya sauti, wamemwambia EF imefika 40. Tulishangilia, ila daktari akasema tusijipe moyo sana, kupona ni asilimia 1, aendelee kusubiri kwenye foleni ya moyo. Je, yeye hawezi kuwa kwenye hao wa kupona? Na hiyo 40 ina maana gani?

---

Mwambao

Mama Kulwa, pole sana, na hongera kwa kumsimamia mdogo wako. Mimi simtibu, kwa hiyo sitasema amepona au hajapona. Nitakueleza namna jambo hili linavyopimwa.

EF ni asilimia ya damu iliyojaa ventrikali ambayo inatoka kwa kila pigo. Ya mtu mwenye moyo wenye afya ni kuanzia kama 55 hivi. Ila hiyo 40 yake imepimwa mashine ikiwa inafanya kazi, yaani moyo umepunguziwa mzigo. Haikuambii moyo utafanya nini ukiachwa peke yake. Ndiyo maana kuna kipimo cha kupunguza kasi ya pampu. Mgonjwa anahakikishiwa kwanza damu yake ni nyepesi ya kutosha, maana kasi ikishuka hatari ya kuganda inapanda. Kisha mtaalamu wa eko anaweka mkono wa kipimo kifuani, mwingine anashusha mizunguko hatua kwa hatua. Kwa HeartMate II, mojawapo ya aina za pampu hizi, walishusha mpaka mizunguko 6000 kwa dakika, kasi ambayo msaada wa pampu unakuwa mdogo sana. Haizimwi kabisa, kwa sababu pampu hizi hazina valvu na damu ingerudi kinyumenyume kuingia moyoni.

Hapo chumba kizima kinanyamaza kikitazama skrini. Ventrikali inatanuka au inabaki ilivyo? Presha inashuka? Mgonjwa anahema? Baada ya kama robo saa anainuliwa atembee dakika 6 ukumbini, kasi ikiwa bado imeshushwa, halafu anarudi kitandani na eko inarudiwa. Akifaulu mara kadhaa, wanaingiza katheta kupima shinikizo ndani ya moyo. Timu ya Birks ilitaka EF ivuke 45, upana wa ventrikali inapojaa uwe chini ya milimita 60, na shinikizo la upande wa mapafu lisizidi 15, yote hayo kwa kasi ya chini.

Muulize daktari swali moja tu: amewahi kufanyiwa eko kwa kasi iliyoshushwa? Kama jibu ni hapana, ile asilimia 1 bado haijamhusu yeye.

---

Hesabu Kwanza

Mleta uzi, nakuheshimu na nia yako ni njema, lakini kuna mahali unawapa watu matumaini kwa hesabu isiyolingana. Wale 15 wa Harefield walichaguliwa. Hakuna aliyekuwa na moyo uliokufa kwa mishipa kuziba. Daftari la kitaifa linachanganya kila mtu: wazee, waliopata mshtuko wa moyo mara mbili, wenye figo mbovu. Huwezi kuchukua 11 kwa 15 ukaiweka pembeni ya 1 kwa 100 halafu ukasema tofauti ni uzembe wa kuangalia.

---

Mwambao

Mkuu, hoja yako ni ya haki na nashukuru umeileta mapema. Uchaguzi upo, na ni mkubwa. Ndiyo maana utabiri unahitajika.

Wataalamu walipitia daftari hilohilo, wagonjwa zaidi ya 13,000, wakachapisha mwaka 2016 mambo sita yanayoambatana na kupona. Umri chini ya miaka 50. Chanzo kisiwe mishipa ya moyo kuziba. Ugonjwa uwe umejulikana chini ya miaka 2. Mgonjwa awe hana kifaa cha kushtua moyo kilichopandikizwa. Kriatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, isizidi 1.2, ambayo kwa maabara zetu za nyumbani ni kama mikromoli 106. Na ventrikali iwe haijatanuka kufikia sentimita 6.5. Ukijumlisha unapata alama inayomgawa mgonjwa: uwezekano mkubwa, wa kati au mdogo.

Tazama mambo hayo vizuri. Karibu yote yanauliza swali lile lile kwa njia tofauti: ugonjwa umekaa muda gani na umeacha makovu kiasi gani? Hata kile kifaa cha kushtua hakidhuru moyo. Kukosekana kwake ni ishara kwamba mgonjwa hajakaa na ugonjwa miaka mingi.

Lakini katika uchambuzi huohuo kuna kitu ambacho huwezi kukieleza kwa uchaguzi pekee kirahisi. Wale ambao tangu siku ya upasuaji timu ilisema "huyu tunataka apone" walipona kama 11 kwa 100. Wengine wote kama 1 kwa 100. Walikuwa wachache na walichaguliwa, nakubali. Kwa hiyo nenda kwenye utafiti wa RESTAGE, uliochapishwa 2020, wagonjwa 40 katika hospitali 6 za Marekani. Vijana, wasio na mishipa iliyoziba, ugonjwa usiozidi miaka 5. Kasi ya pampu ilirekebishwa ili ventrikali ipumzike vizuri, dawa zikapandishwa mpaka juu, na kipimo cha kasi ya chini kikarudiwa kwa ratiba. Ndani ya miezi 18, 16 kati ya 40 walitolewa pampu. Asilimia 40, na safari hii bila ile klenbuteroli ya Harefield.

Wagonjwa wa aina hiyohiyo wamejaa kwenye kliniki nyingi na hawatolewi pampu kwa kiwango hicho. Hapo ndipo ninaposimamia: utabiri utumike kumtafuta mgonjwa wa kusukumwa zaidi, usitumike kumfungia mtu mlango.

---

Hesabu Kwanza

Hapo tumeelewana. Nabaki na angalizo moja: RESTAGE haikuwa na kundi la kulinganisha. Lakini 16 kwa 40 ni kubwa mno kuifukuza kwa neno "bahati".

---

Darubini

Wakuu, mimi nasoma biolojia ya seli, niongezee upande wa nyama yenyewe.

Daktari wa upasuaji anapoweka pampu inambidi atoboe ncha ya moyo apitishe bomba. Kile kipande cha msuli kinachotoka, cha mviringo, kingeweza kutupwa. Kikundi cha Stavros Drakos pale Utah kimekuwa kikivihifadhi vipande hivyo kwa miaka, pamoja na rekodi za nini kilimpata mwenye moyo baadaye. Wazo lake ni zuri sana: nyama ya siku ya kwanza ulinganishe na matokeo ya mwaka mmoja mbele. Mwaka 2023 walionyesha kwamba waliokuja kupata nafuu na wasiopata walikuwa tayari wanatofautiana siku ileile ya upasuaji, kwenye jeni zinazoendesha mzunguko wa seli kugawanyika na kwenye tando zinazoshikilia seli pamoja. Yaani moyo utakaorudi ulikuwa na alama yake kabla pampu haijawashwa.

Kikundi hicho mwaka 2013 kilifuatilia wagonjwa 80 wenye pampu za mzunguko. Kama 1 kati ya 5 alifikisha EF ya 40 au zaidi, na sehemu kubwa ya mabadiliko ilitokea ndani ya miezi 6 ya mwanzo. Hiyo inasaidia hata kliniki isiyo na maabara ya jeni: usipoangalia mapema, dirisha linapita.

Halafu kuna jambo ambalo mimi binafsi lilinisisimua. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yalijaza hewani kaboni-14, na imekuwa ikipungua mwaka hadi mwaka tangu hapo. Seli inapozaliwa inaweka kiwango cha mwaka huo kwenye DNA yake, kwa hiyo unaweza kukadiria umri wa seli. Kwa njia hiyo Olaf Bergmann na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba seli za msuli wa moyo wa mtu mzima zinajizalisha polepole sana, kama asilimia 1 kwa mwaka kijana wa miaka 25, na nusu yake uzeeni. Sasa mwaka 2025 yeye, Drakos na wenzao wamepima mioyo ya wagonjwa wa pampu. Kwenye moyo unaoshindwa uzalishaji umekaribia kusimama. Kwa waliopata nafuu wakiwa na pampu, ulikuwa zaidi ya mara 6 ya moyo wenye afya. Tulizoea kuambiwa moyo ukipoteza seli zake ndiyo basi.

---

Mwambao

Darubini, ahsante, umeeleza vizuri kuliko ambavyo ningeweza. Niongeze tu kwamba mapumziko nayo yana kipimo chake. Mguu ukikaa ndani ya plasta muda mrefu mfupa unaunga lakini msuli unasinyaa, na moyo uliobebewa kazi yote unaweza kupungua nguvu vivyo hivyo. Kwa hiyo kasi ya pampu inatafutwa kwa eko, mgonjwa mmoja mmoja: itoshe kuishusha ventrikali, isiinyang'anye kazi yote.

---

Tabibu wa Ziwa

Salaam wakuu. Natokea Kanda ya Ziwa, nafanya kazi hospitali isiyo na pampu hizi wala haina dalili ya kuzipata karibuni. Nimesoma uzi wote. Swali langu: sisi tunaoona wagonjwa wanaovimba miguu na kulala wameketi, wenye dawa za vidonge tu, huu utabiri unatusaidia nini?

---

Mwambao

Daktari, swali lako ndilo zito kuliko yote humu.

Angalia nani anaumwa moyo kwetu. Utafiti wa THESUS-HF, uliotoka 2012, ulikusanya wagonjwa 1,006 katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo. Wastani wa umri ulikuwa miaka 52. Chanzo kikuu kilikuwa presha, karibu nusu yao. Waliougua kwa sababu ya mishipa ya moyo kuziba hawakufika 1 katika 10. Kwa Marekani na Ulaya mishipa ndiyo inayobeba sehemu kubwa. Sasa rudi kwenye yale mambo sita: kijana, mishipa haijaziba, ugonjwa bado mchanga. Mgonjwa wako wa kawaida anafanana na yule ambaye huku tungempigania apone.

Na nafuu haihitaji pampu kila mara. Kwa moyo wa uzazi kama wa mdogo wake Mama Kulwa, utafiti wa IPAC wa 2015 uliwafuatilia wanawake 100 Marekani Kaskazini. Baada ya mwaka, 72 katika 100 walikuwa na EF ya 50 au zaidi, wengi wao kwa dawa tu. Nao una utabiri wake: aliyeanza na EF chini ya 30 pamoja na ventrikali ya sentimita 6 au zaidi, hakuna aliyepona ndani ya mwaka. Eko moja ya siku ya kwanza inakuonyesha nani wa kumwita kila wiki mbili na nani wa kumtafutia rufaa mapema kabla figo hazijaguswa.

Kama una mashine ya eko hata ndogo ya mkononi, andika upana wa ventrikali kwenye faili kila mara, usiandike EF peke yake. Naona mafaili mengi ya wagonjwa waliotoka nyumbani yameandikwa "moyo mkubwa" basi. Ukubwa gani? Mwaka gani? Bila namba hizo huwezi kusema kama unapungua.

---

Tabibu wa Ziwa

Nimekuelewa. Upana huwa tunaupima ila hatuuandiki kwenye kadi ya mgonjwa, unabaki kwenye mashine. Nitalizungumza kwenye kikao cha asubuhi.

---

Mama Kulwa

Narudi na mrejesho. Mdogo wangu aliuliza lile swali. Hakuwahi kupimwa kwa kasi ya chini. Daktari hakuchukia, alisema wataweka kwenye ratiba mwezi ujao na wakati huo wanampandishia dawa mbili kwa sababu presha yake inaruhusu. Tumelia kwa furaha lakini tunaogopa pia. Kama atafaulu, pampu inatolewaje? Na akishatolewa ndiyo amepona, anaacha dawa?

---

Mwambao

Mama Kulwa, nimefurahi mno. Muelezeni pia kwamba asipofaulu mara ya kwanza hajafeli. Kipimo kinarudiwa, na foleni ya moyo haipotezi.

Kuhusu kutoa, kuna njia mbili. Moja ni upasuaji wa kuiondoa pampu yote na kuziba tundu kwenye ncha ya moyo. Nyingine ni kuizima ikiwa ndani: bomba linazibwa, waya unakatwa na kutolewa, mwili wa pampu unabaki. Ya pili ni upasuaji mdogo zaidi lakini inaacha kitu kigeni kifuani, kwa hiyo habari ya maambukizi na kuganda kwa damu lazima ijadiliwe. Kwa binti wa miaka 31 mtasikia hoja za pande zote mbili, muulizeni daktari wa upasuaji ameshafanya ngapi za kila aina.

Kuhusu dawa: asiache. London walifanya utafiti uitwao TRED-HF, ukachapishwa 2019. Watu 51 ambao mioyo yao ilitanuka kisha ikarudi vizuri kwa dawa, bila pampu. Wakagawanywa, nusu wakaachishwa dawa taratibu chini ya uangalizi mkali. Ndani ya miezi 6, 11 kati ya 25 walioachishwa moyo ulianza kuharibika tena. Kwa walioendelea na dawa, hata mmoja hakurudi nyuma. Na hao hawakuwahi kufikia hali ya kuhitaji mashine. Katika RESTAGE, waliotolewa pampu walibaki salama bila pampu nyingine wala moyo mpya kwa asilimia 90 baada ya mwaka, na 77 baada ya miaka 3, dawa zikiendelea. Kwa hiyo wapo wanaorudi nyuma, na eko za kila mara ndizo zinazowawahi.

Jambo moja la mwisho na ulisimamie wewe kama dada mkubwa. Ugonjwa wake ulitokana na uzazi. Moyo ukirudi, wakwe na majirani wataanza kuuliza habari ya mtoto mwingine. Mimba nyingine inaweza kuurudisha ugonjwa hata kwa aliyepona, na baadhi ya dawa anazomeza zinamdhuru mtoto tumboni. Aongee na daktari wa moyo na wa uzazi kuhusu kupanga uzazi kabla hajatoka hospitali, tarehe ya kipimo ikifika utujulishe.